MUULIZE MJOMBA: Pesa ya korosho imeingia, tunataka kwenda kuona jangwa

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba kutoka huku kwetu kusini mtu anaweza kuwasha gari akaendesha mpaka jangwa la Namib, kule Namibia, bila kupanda ndege wala meli. Basi meseji zimemiminika mpaka simu inapata moto. Nimechagua chache, za matusi nimeziacha, na yule wa Nanganga anayeuliza kama jangwani kuna wachumba naye nimemuacha kwanza.

SWALI: Mjomba shikamoo. Sisi ni washkaji wanne wa hapa Masasi, korosho msimu huu zimetulipa vizuri na hela ishasoma kwenye akaunti, alafu mmoja wetu ana Noah. Tumepanga Disemba hii hii tuwashe tukaone ile milima mekundu ya mchanga na ile hifadhi yenye uwanja mweupe wa chumvi. Tunaomba njia, na je Noah inafika au mpaka gari ya juu?

JIBU: Marahaba wajomba, na hongereni, maana kuna watu hela ya korosho ikiingia wanaanza na kreti wanamalizia na kesi.

Noah inafika. Kinachonipa shida ni hiyo Disemba yenu. Najua hela inaingia Novemba Disemba na mfukoni inawasha, lakini miezi hiyo ndo joto lao kali, kwenye hiyo milima yenu ya mchanga, panaitwa Sossusvlei, mchana linagonga hata 40 na ukivua viatu unaungua nyayo, alafu kule Etosha, ndo hiyo hifadhi yenu ya uwanja wa chumvi, mvua zinakuwa zimeanza, maji yapo kila mahali kwahiyo wanyama wametawanyika, mtazunguka siku nzima mnaangalia vichaka. Pa kwenda ni Juni mpaka Agosti, ukichelewa sana Septemba. Kunakuwa kukavu, kuna baridi, wanyama wote wamebanana kwenye visima vya maji. Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza ni mgumu kuliko barabara yenyewe: ifungieni hela mpaka Juni. Tena lipieni kabisa sehemu za kulala ndani ya hifadhi, zinajaa miezi kabla, na hela iliyokwishalipwa hainyweki.

Njia sasa. Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea siku hizi ni lami, wale wakongwe waliokuwa wanalala porini kwenye tope la Tunduru waacheni wasimulie. Songea mnapanda Njombe mpaka Makambako, mnaikuta barabara kuu ya Zambia, mnapita Mbeya, mnatokea Tunduma. Hapo mmekata kama kilomita 1,000 na bado mko Tanzania. Mkivuka Nakonde kuna 1,000 nyingine hivi mpaka Lusaka kupitia Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi, na kipande cha Mpika na Serenje kimekuwa na mashimo ya kumeza ringi na malori ya kule hayana huruma, hapo usiku msiguse. Lusaka mpaka Livingstone hakuna neno kubwa. Kuanzia Livingstone wengi wanaenda moja kwa moja Sesheke wanavuka daraja la Katima Mulilo. Mimi napenda mzunguko wa Botswana: mnavuka daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021, mnaingia Kasane, mnakatiza hifadhi ya Chobe juu ya lami mpaka Ngoma, hapo ng'ambo ni Namibia. Mpaka unaongezeka mmoja lakini barabara ni safi na tembo mnawaona bure. Ila Botswana wakali kwa mambo ya mifugo, nyama mbichi na maziwa wanachukua, na viatu mtaambiwa mkanyage dawa, hadi vile vilivyo kwenye begi vitolewe vichovywe.

Ndani ya Namibia, Katima Mulilo mpaka Rundu ni kama kilomita 500, kipande kirefu kinapita ndani ya hifadhi ya Bwabwata, na vile vibao vya tembo hawakuweka kwa urembo. Alafu Grootfontein, Tsumeb, geti la Etosha. Jumlisha yote kutoka Masasi ni zaidi ya kilomita 3,500 kwenda tu. Noah ikila lita 1 kwa kilomita 10 hiyo ni lita 350 na ushee, pigeni mara mbili, ongezeni mizunguko ya huko ndani, kaeni na kalkuleta nyinyi wenyewe kabla hamjamtia hamu mwenye Noah.

Sasa jambo ambalo watu hawalishiki. Safari ya kule usiipange kwa hifadhi, ipange kwa sheli. Namibia ni nchi ya kilomita za mraba 825,000 hivi na sensa yao ya 2023 ilihesabu watu milioni 3 tu, yaani nchi nzima ni kama Mtwara na Lindi ukizijumlisha. Kwahiyo unaona mji umeandikwa kwenye ramani kwa herufi kubwa, unafika unakuta sheli moja, duka moja, kanisa na punda. Ukiikuta sheli jaza, hata kama tenki liko nusu, hata kama mwenzio anasema ya mbele bei iko chini. Ya mbele inaweza kuwa imeishiwa mafuta au umeme hamna. Dumu moja la mafuta la lita 20, madumu mawili ya maji, hesabuni lita 5 kwa kichwa kwa siku, na spea tairi mbili. Mbili, sio moja.

Etosha wala haiwasumbui, njia zake ni za kokoto zilizochongwa, Noah inapita ikienda taratibu, mwisho kabisa 60. Ule uwanja mweupe unakaribia kilomita za mraba 4,800, ukisimama pembeni yake mchana macho yanauma kama hujavaa miwani. Kushuka kwenye gari marufuku isipokuwa kambini na sehemu zilizoruhusiwa. Geti linafunguliwa jua likichomoza linafungwa likizama, na hawana msamaha. Laleni Okaukuejo angalau usiku mmoja, kuna kisima cha maji kimewashiwa taa, mnakaa kwenye ukuta mfupi kimya, faru weusi wanakuja kunywa hapo mbele yenu, mmoja anamfukuza mwenzie, tembo wakitokea faru wanawapisha. Huo usiku mmoja una thamani kuliko kuzunguka siku mbili na gari.

Milima ya mchanga iko mbali na Etosha, msidhani ni jirani, mnateremka mpaka Windhoek alafu kama 350 nyingine kuelekea Sesriem, ndo geti la kuingilia kwenye hiyo milima, na hapa lami inaisha mnaingia rafu rodi. Nisikilizeni vizuri kwenye hili, hasa dereva. Sheria inaruhusu 100 kwenye kokoto na barabara imenyooka mpaka unajisahau, hapo ndo wageni wanapopindua magari peke yao bila kugongwa na mtu. Kokoto zile ndogo ni kama kunde zilizomwagika kwenye sakafu, ukishika breki ghafla au ukakata usukani unaondoka. Tembea 70 mpaka 80. Punguza upepo kidogo kwenye tairi zote, tairi inalala, inashika, na pancha zinapungua, ukirudi kwenye lami jaza tena. Na jua likizama uwe umeshafika, maana tandala anaruka barabarani urefu wa boneti yako na zaidi na anaingia kiooni na mapembe yake.

Ukifika Sesriem kuna lami tena, kilomita 60 hivi kuingia ndani, milima imejipanga kulia na kushoto. Ule wanaoita Dune 45 uko kilomita 45 kutoka getini, hapo Noah inapaki pembeni mnapanda kwa miguu. Kilomita 5 za mwisho kwenda Sossusvlei ni mchanga mtupu, Noah ikome kwenye maegesho msijaribu ushujaa, kuna magari ya kulipia yanawabeba. Mnaolala ndani kambini mnafunguliwa geti la ndani kabla jua halijachomoza, wa nje wanasubiri, na asubuhi ile ndo kila kitu, upande mmoja wa mlima unakuwa mwekundu kama umepakwa rangi na mwingine mweusi tii. Wekundu wenyewe ni chuma kilichomo kwenye mchanga, kimeshika kutu. Fikeni Deadvlei pia. Ni bonde la udongo mweupe uliokauka na kupasuka, katikati imesimama migunga iliyokufa miaka mia kadhaa iliyopita baada ya mchanga kuuzibia njia mto uliokuwa unailetea maji, na haijaoza mpaka leo kwa sababu hamna unyevu wa kuiozesha, imebaki myeusi. Msiipande wala kuichonga majina. Nawajua vijana wetu.

Makaratasi kwa kifupi. Sisi Watanzania kwa matembezi ya muda mfupi hatuombi viza Zambia, Botswana wala Namibia, pasipoti inatosha. Kadi ya gari iwe ya jina la mmoja wenu mnaosafiri, kama sio basi barua ya mwenye gari iliyogongwa muhuri na wakili. Tunduma waambieni watu wa forodha gari linatoka kwa muda, lipewe karatasi, na Zambia nao watawapa kibali chao cha muda, kitunzeni, bila hicho kutoka ni kesi. Bima kateni ile ya COMESA wanayoita kadi ya njano, inafanya kazi Zambia. Botswana na Namibia hawaitumii, pale mpakani mtalipia vibali vya barabara, na fidia ya majeruhi Namibia inatoka kwenye mfuko unaochangiwa na tozo ya mafuta. Mfuko huo haugusi bodi ya Noah wala gari la mtu mtakaloligonga. Na kadi ya njano nyingine ile ya chanjo ya homa ya manjano nayo mbebe. Usukani ni wa kulia na mnatembea kushoto njia nzima, hapo hamtapata tabu.

SWALI: Mjomba pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 6 na 9, niko Lindi mjini. Mume wangu amesoma ulichoandika ameamka na hiyo safari, na anataka mama mkwe naye aende. Naomba unisaidie, chakula itakuwaje, vyoo vikoje, na watoto watavumilia kweli? Yeye baba hawezi kuja mwanzoni, atatukuta Windhoek kwa ndege.

JIBU: Asante mama, pole na wewe. Kabla ya chakula nianze na hicho ulichokitaja mwishoni kama kitu kidogo. Kama baba hayupo na nyinyi mpakani, Namibia watakuuliza vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina ya wazazi wote wawili na kiapo cha baba kwamba ameruhusu, kilichosainiwa kwa wakili au hakimu. Sio cheti cha kliniki. Familia zinarudishwa hapo. Fanya hilo Lindi kabla ya chochote, RITA wana foleni zao.

Chakula hamtalala njaa. Ugali upo, kaskazini wanakula wa uwele wanaita oshifima, rangi yake ya kijivu itawashtua watoto siku ya kwanza. Windhoek kule Katutura kuna sokoni wanachoma nyama ya ng'ombe imekatwa vipande vidogo, inaitwa kapana, unachovya kwenye pilipili na chumvi kwenye gazeti, mkwe atapenda kama meno yapo. Samaki wa nazi msahau kwa muda. Nyama ukinunua kaskazini ule huko huko, baada ya Rundu kuna geti la mifugo, wanakagua gari na nyama mbichi haipiti kwenda kusini. Korosho za kukaanga beba za kutosha, zinakaa, zinashibisha, na ni zawadi nzuri kambini.

Vyoo vya kambi za hifadhi ni vizuri, maji ya moto yapo. Katikati ya safari ndo shida, unaweza kutembea masaa mawili hujaona hata mti wa kujificha. Khanga mbili za ziada kwenye gari, mmoja anashika huku mwingine kule, basi. Baridi pia msiidharau, watu wa pwani tunasikia jangwa tunabeba vitenge vyepesi. Usiku wa Julai jangwani unakaribia 0, kuna asubuhi maji kwenye dumu yanaganda juu. Sweta, soksi, blanketi zito kwa mkwe. Malaria iko upande wa Zambia na kule Katima na Rundu, vyandarua msiache.

Watoto watavumilia kama siku hazizidi masaa sita ya gari. Kama mama mkwe ana presha au mgongo, mimi ningemwambia baba amchukue kwenye ndege, wakutane Windhoek. Wewe usiliseme hilo. Mwambie mume wako Mjomba kasema.

SWALI: Kaka mambo, mi ni bodaboda wa Newala nina boksa yangu imara, naweza kuzunguka hizo hifadhi na pikipiki?

JIBU: Poa. Njiani unaweza, ndani ya Etosha hapana, pikipiki haziruhusiwi, na Sossusvlei vile vile. Simba hajui kama una kofia ngumu. Unaiacha nje unapanda gari la watalii la kulipia. Ila boksa kilomita 3,500, kiuno hicho utakirudisha kweli?

SWALI: Mjomba sisi wa Nanyumbu tuko karibu na Mtambaswala, si tuvuke Daraja la Umoja tupite Msumbiji mpaka Afrika Kusini alafu tupande Namibia? Kwenye ramani naona inanyooka.

JIBU: Kwenye ramani kila kitu kinanyooka. Daraja ni zuri, limefunguliwa 2010, mita 720. Lakini ukishavuka uko Cabo Delgado, na nyinyi wa mto Ruvuma hamhitaji kuelezwa na mimi mapigano ya waasi yanayoendelea upande ule tangu 2017. Usipeleke gari la familia huko. Pitia Songea.

SWALI: Mzee mwenzangu, mimi ni mstaafu niko Tunduru, nimenunua na kuuza vito miaka ya tisini. Hifadhi na wanyama nimeshaona vya kutosha. Nataka kujua hiyo miji midogo ya huko jangwani ikoje, watu wanaishi kwa nini?

JIBU: Swali lako nimelipenda kuliko yote, wewe nakuelekeza mbali kabisa, nenda mpaka Lüderitz kwenye bahari, kilomita kama 10 kabla ya mji uone Kolmanskop, mji uliokufa. Mwaka 1908 kibarua wa reli anaitwa Zacharias Lewala aliokota jiwe kwenye mchanga akampelekea bosi wake, ikawa almasi, na Tunduru mnajua kinachofuata. Zikajengwa nyumba za kifahari katikati ya jangwa, hospitali, ukumbi wa dansi, kiwanda cha barafu. Almasi kubwa zaidi zikapatikana kusini, watu wakaanza kuhama, ilipofika 1956 hakuna aliyebaki. Sasa mchanga umeingia kwa milango na madirisha, unafungua chumba unaukuta umefika kiunoni na ukutani rangi ya bluu ya Wajerumani bado ipo. Kibali cha kuingia unalipia na ni asubuhi tu, mchana wanafunga. Ukiwaangalia wale watalii wanavyopiga picha utajua wewe unaona kitu ambacho wao hawakioni.

Miji inayoishi ni mingine. Solitaire iko njiani kwenda Sesriem, ni sheli, duka la mikate na nyumba za kulala wageni, mbele yake magari ya zamani yameozea mchangani na mikaktasi imeota ndani ya boneti. Watu wote wanasimama pale kununua pai ya matofaa, na ni nzuri kweli ila tamu kupita kiasi. Waliopo wanaishi kwa sheli na wageni. Mbele huko, Aus, kuna farasi wa porini wanaokunywa kwenye kisima cha Garub, hakuna mwenye uhakika wa asilimia mia walitoka kwa nani. Mashamba ya kule mzee mwenzangu ni makubwa mpaka jirani yako unamfuata kwa gari nusu saa, wanafuga mbuzi na kondoo kwa sababu ng'ombe atakula nini. Kiingereza ndo lugha ya serikali tangu uhuru wa 1990 lakini kusini huko utasikia Kiafrikana zaidi. Ukisema unatoka Tanzania wazee wanakuchangamkia, SWAPO, chama kilichopigania uhuru wao, walikuwa na ofisi Dar es Salaam na kambi Kongwa enzi za ukombozi, hilo hawajasahau.

SWALI: Shikamoo Mjomba, mi mwanafunzi niko Mikindani, hela ya Namibia sina wala sitaipata karibuni. Hamna jangwa la karibu? Na hivi ni kweli Wajerumani waliojenga boma letu ndo walikuwa kule pia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kweli kabisa. Boma la Mikindani ni la 1895, na kule walikaa tangu 1884 mpaka 1915. Ukifika Etosha kuna ngome nyeupe inaitwa Namutoni, wapiganaji wa Ondonga, ufalme wa Waovambo wa huko, waliivamia Januari 1904, Wajerumani wakaijenga upya, na 1907 gavana wao akatangaza hifadhi. Mwaka huo huo huku kwetu Maji Maji ilikuwa inazimwa. Kule Waherero na Wanama waliuawa kwa maelfu kwa maelfu kati ya 1904 na 1908, hilo soma vizuri kabla ya kupiga selfi pale ngomeni.

Jangwa kama lile Tanzania hatuna. Kuna kilima kimoja cha mchanga mweusi karibu na Olduvai, ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, upepo unakisukuma kinahama mita 17 hivi kwa mwaka, na raia kiingilio ni nafuu. Ila kutoka Mikindani nauli yake nayo sio mchezo. Kama unachotaka ni barabara ndefu, vumbi, na mji unaotokea ghafla baada ya msitu, subiri kiangazi, tafuta wenzako watatu mchange mafuta mwende Nachingwea alafu Liwale. Boma la Liwale lilitekwa Agosti 1905, mwanzo kabisa wa vita ya Maji Maji. Ondokeni alfajiri Nachingwea tenki likiwa limejaa, bebeni maji, na muulizeni dereva wa basi la jana hali ya njia kabla hamjakata kona.